Kitanda cha Bwana na Bibi: Kutoka Kamba ya Usumba hadi Godoro la Upepo, Ukingoni mwa Mweru



Tuliletewa swali na mume na mke wanaokaa Kafutuma, wilaya ya Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru upande wa Zambia. Mume ni mvuvi, mtu mzito, na mgongo wake umechoka kwa miaka mingi ya kuvuta nyavu. Mke ni mwembamba, na tangu alipojifungua mara ya tatu nyonga humuuma akilala mahali pagumu. Godoro lao la sponji limebonyea katikati. Usiku wote wawili huteremkia kwenye shimo hilo moja, na sasa mke ameanza kushuka chini na kulala juu ya mkeka ili apate usingizi. Wamesikia kuna godoro la upepo ambalo kila mmoja hujaza upande wake apendavyo. Wanauliza: je, lipo la bei ya mtu wa kawaida? Na je, kulinunua si israfu?

Tungeweza kuwajibu kwa mistari mitano. Lakini nilipoanza kutafuta jibu niliona kwamba swali lao lina historia ndefu, na kipande kimoja cha historia hiyo kilipita huko huko Mweru. Nikaona niiandike, kwani mtu anayeijua hadanganyiki kirahisi dukani.

Kitanda kilichokazwa kwa mkono

Wazee wetu wa pwani walikuwa na kitanda ambacho leo vijana wengi hawajui hata majina ya viungo vyake. Kilikuwa na matendegu manne, mifumbati miwili kwa urefu, na vitakizo viwili, kimoja kichwani na kimoja miguuni. Katikati kiliwambwa kamba ya usumba au ya miwaa. Kuwamba kitanda ilikuwa kazi ya fundi, na kamba zikilegea ziliweza kukazwa tena bila kununua kitu. Aliyetaka kulala pagumu alikaza sana, na aliyetaka pabembee kidogo aliacha. Juu yake ulitandikwa mkeka, na kwa mwenye uwezo godoro la pamba au la sufi inayotoka kwenye tunda la msufi. Sufi ikigandamana, godoro lilifumuliwa, sufi ikaanikwa juani, ikachambuliwa na kurudishwa. Matajiri wa Lamu, Mombasa na Unguja walikuwa na samadari zao ndefu zenye nakshi, nyingine zikiletwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi, lakini hiyo ilikuwa fahari zaidi kuliko usingizi.

Tuzingatie jambo hili: kitanda cha kamba kilikuwa kinarekebishika. Haikuhitajika pampu wala umeme. Kitanda kilimfuata mwili mwenye nyumba, si mwenye nyumba kukifuata kitanda.

Na huko nyuma kabisa, Mtume wetu (s.a.w.) alilalia nini? Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba tandiko lake lilikuwa la ngozi iliyojazwa nyuzi za mtende. Sayyidna Umar (r.a.) aliwahi kuingia kwake akakuta mkeka umemchora alama ubavuni. Na Bi Fatima (r.a.) alipoolewa, katika vyombo vyake vichache kulikuwa na mto wa ngozi uliojazwa majani makavu ya idhkhir. Nayataja haya kwa sababu tutayarudia kwenye suala la israfu.

Kitanda kinafika Mweru

Sasa tuondoke pwani tuelekee bara. Katika karne ya 19 misafara ya Waarabu na Waswahili ilipita Tabora na Ujiji ikateremka hadi nchi ya Watabwa na ya Mwata Kazembe, kufuata pembe na shaba. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip, alipigana na Nsama, mtawala wa Watabwa, akamshinda na kuchukua pembe nyingi. Kwa Kazembe kulikuwa na mzee mmoja, Muhammad bin Saleh, aliyezuiliwa huko miaka mingi. Na tarehe 8 Novemba 1867 David Livingstone aliliona Ziwa Mweru kwa mara ya kwanza, akisafiri na watu hao hao wa misafara.

Hatuwezi kusimulia habari hizi tukaficha upande wake mbaya. Misafara hiyo ilichukua watumwa pia. Wakati mwenye msafara amelala juu ya kitanda chake, walikuwapo waliolala kwenye udongo mtupu wakiwa wamefungwa minyororo. Baadhi ya wenye misafara walikuwa watu wa dini yetu, na hakuna heshima yoyote tutakayoipata kwa kulikana hilo.

Wenyeji walikuwa na malazi yao. Mwambao wa Mweru na Luapula una matete na mafunjo mengi, na mkeka ndio uliokuwa tandiko. Kwa Kibemba mkeka huitwa ubutanda. Msomaji ameliona? Ubutanda ni mkeka, kitanda ni kitanda. Mzizi ni mmoja, lakini mwambao mmoja umeutumia kwa kitu cha chini na mwambao mwingine kwa kitu chenye miguu. (Nilipoligundua hili nilifurahi kuliko inavyostahili.)

Mwishoni mwa 1868 Livingstone aliondoka sehemu za kaskazini ya Mweru kuelekea Ziwa Tanganyika, akiwa pamoja na mfanyabiashara wa Kiswahili aitwaye Muhammad Bogharib. Mapema Januari 1869 alishikwa na ugonjwa mkali wa mapafu, akawa hawezi kutembea. Bogharib alimfanya abebwe juu ya kitanda kila siku kwa masaa kadhaa. Livingstone mwenyewe aliandika neno hilo hilo, kitanda, katika daftari lake la safari, akaeleza ni fremu ya kulalia. Aliandika pia jinsi jua lilivyompiga usoni, akajikinga kwa kitita cha majani. Walifika Ujiji tarehe 14 Machi 1869.

Miaka minne baadaye, Aprili 1873, kusini ya Ziwa Bangweulu, watu wake walimtengenezea kitanda kingine cha kumbebea. Walichukua miti miwili ya ubavuni wakaunganisha na vijiti vya kukingama, wakatandika majani na blanketi, kisha wakakitundika kwenye mti mrefu mabegani mwao. Kwa Chitambo wakamjengea kibanda na malazi ya vijiti na majani yaliyoinuliwa kutoka ardhini, na alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873 wakamkuta amepiga magoti kando ya malazi hayo, amekwisha kufa. Abdullah Susi, Chuma na wenzao ndio waliobeba maiti yake mpaka Bagamoyo.

Kwa nini nimekaa sana hapa? Kwa sababu watu wale hawakuwa na duka. Mgonjwa alipozidiwa walibadilisha kitanda kiufuate mwili wake, na majani yalipobonyea waliongeza mengine. Mume na mke wa Kafutuma wanatafuta kitu hicho hicho, isipokuwa wao ni wawili, na miili yao haifanani.

Sponji

Baada ya hapo mambo yalibadilika haraka. Serikali ya wakoloni ilipoingiwa na hofu ya malale (ugonjwa uliopewa jina kutokana na kulala), watu wa Mweru na Luapula waliondoshwa ukingoni mwa maji, wakazuiwa kuvua. Mambo hayo yaliwasumbua kati ya mwaka 1906 na 1922. Aliyehamishwa kwa nguvu hubeba mkeka, habebi kitanda. Waliporudi, biashara ya samaki wa kulisha migodi ya Katanga ikapanda, fedha zikapatikana, na wanaume waliokwenda migodini walirudi na baiskeli, mablanketi na magodoro.

Kisha likaja sponji. Mjerumani Otto Bayer na wenzake waligundua poliyurethani mwaka 1937 huko Leverkusen, na katika miaka ya 1950 ilianza kutengenezwa povu laini la kulalia. Afrika nzima ililipokea. Godoro la sponji ni jepesi, hufungwa nyuma ya baiskeli, halihitaji fundi, na viwanda vyake vikafunguliwa Nairobi, Dar es Salaam na Lusaka.

Lakini sponji lilikuja na sharti ambalo hatukulitambua. Kamba ilikazwa na sufi ilichambuliwa, lakini sponji likishabonyea limebonyea. Ugumu wake unaamuliwa kiwandani, nao ni mmoja kwa godoro zima, upande wa mume wa kilo 95 na upande wa mke wa kilo 55. Na la bei ndogo huwa ni jepesi sana, yaani lina hewa nyingi na povu kidogo, kwa hiyo hushuka mapema zaidi chini ya yule mzito. Shimo la Kafutuma halikuletwa na unene wa mume wala ulalaji mbaya wa mke. Limetokana na namna godoro lenyewe lilivyo.

Upepo

Kulalia upepo si jambo jipya. Mmarekani Charles Goodyear alipata njia ya kuuimarisha mpira kwa kiberiti na joto mwaka 1839, na mwaka 1889 kampuni moja ya Reading, jimbo la Massachusetts, ikatengeneza magodoro ya upepo kwa ajili ya meli zinazovuka Bahari ya Atlantiki, badala ya yale ya manyoya ya farasi. Meli ikizama, godoro lingeelea.

Mwaka mmoja kabla, 1888, Dunlop alikuwa amepata hati ya tairi la upepo. Mahitaji ya mpira yakapanda duniani kote, na hapo ndipo habari inaturudia sisi. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri, mfalme wa Wayeke, aliuawa Bunkeya, na ng'ambo ya magharibi ya Mweru ikaingia katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold. Mateso makubwa ya mpira yalitokea mbali zaidi, katika misitu ya Ikweta na Kasai, ambako watu walikatwa mikono na vijiji kuchomwa kwa kukosa kutimiza kiwango. Usingizi laini wa wengine ulilipiwa na watu wa bara hili. Siku hizi magodoro mengi ya upepo ya bei nafuu ni ya plastiki ya PVC, si ya mpira.

Godoro la kurekebishwa, ambalo wenzetu wamelisikia, lilipata umaarufu Marekani kuanzia 1987, kampuni ya Select Comfort ilipoanzishwa Minneapolis. (Tangu 2017 inaitwa Sleep Number.) Ndani ya godoro kuna mifuko miwili ya hewa, mmoja wa mume na mmoja wa mke, na pampu ya umeme inayojaza au kupunguza kila mmoja peke yake. Kitu kizuri, sikatai. Lakini hugharimu mamia na mara nyingi maelfu ya dola, na pampu yake ikiharibika Nchelenge sijui utampelekea nani.

Sasa tuwajibu wenzetu

Kwanza suala la israfu. Katika hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) ametaja tandiko la mume, tandiko la mke, la tatu la mgeni, na akatahadharisha kuwa la nne ni la shetani. Imam Nawawi alipoisherehesha alieleza kwamba hakuna ubaya mume na mke kuwa na matandiko mawili, kwa sababu mmoja wao anaweza kulihitaji lake kwa ugonjwa na mfano wa hayo, ingawa kulala pamoja ndio bora pasipokuwa na udhuru. Kwa hiyo mke anayeshuka chini kwa maumivu ya nyonga hakukosea, na mume anayetafuta njia ya kumrudisha kitandani hakufanya israfu. Kinacholaumiwa ni kununua kwa kujionyesha. Na godoro la maelfu ya dola linalonunuliwa kwa mkopo katika nyumba ya mvuvi, kwa maoni yangu, limeshaufikia mpaka huo.

Pili, msinunue ugumu. Wazee wengi huamini mgongo mbovu hutibiwa kwa ubao. Mwaka 2003 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Hispania kwa watu 313 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Baada ya siku 90, waliolalia godoro la ugumu wa wastani walikuwa na nafuu kuliko waliolalia gumu. Faida ya upepo ni kwamba mnaweza kuutafuta huo wastani wenyewe, usiku baada ya usiku, kama mzee alivyokaza kamba.

Tatu, msinunue godoro moja pana la bei nafuu lenye chumba kimoja cha hewa. Hilo ni baya kuliko sponji, kwani mzito akikaa upande wake, hewa yote hukimbilia upande wa pili na mwepesi huinuliwa kama mtumbwi kwenye wimbi. Nunueni magodoro mawili ya mtu mmoja mmoja, yenye urefu wa kwenda juu ulio sawa. Yawekeni bega kwa bega, myafunge kwa mikanda miwili ya kitambaa, juu yake mtandike blanketi nene moja kwa yote mawili, kisha shuka moja. Mume atajaza lake na mke atajaza lake. Hilo ndilo godoro la Minneapolis kwa mtu wa Kafutuma, na likitoboka nusu, nusu nyingine ipo.

Pampu iwe ya mguu. Mwaka 2024, baada ya ukame kushusha maji ya Kariba, Zambia ilikaa bila umeme kwa masaa mengi kwa siku, na godoro linalosubiri umeme ni godoro la kulalia chini. Mkiletewa la umeme na ndugu aliyeko Marekani, tazameni maandishi ya pampu: ya kwao hutumia volti 110 hadi 120, na umeme wa Zambia ni 230. Itaungua siku ya kwanza.

Halafu kuna ndoana. Nyumba ya mvuvi ina ndoana, misumari ya mtumbwi na mifupa ya samaki. Chini ya magodoro tandikeni mkeka mzito, juu yake lile sponji la zamani lililobonyea (limegeuzwa, lisitupwe), kisha ndipo magodoro. Na gundi ya kuzibia tundu la baiskeli haishiki vizuri kwenye PVC, kwa hiyo tafuteni gundi ya plastiki kabla hamjaihitaji.

Msishangae godoro likilegea usiku. Hewa iliyojazwa mchana wa joto hupungua nguvu yake baridi ikiingia, na plastiki mpya hutanuka siku chache za mwanzo. Jazeni jioni, si mchana, wala msijaze mpaka likawa kama ngoma. Na miezi ya Juni na Julai msilale juu ya upepo mtupu, kwani hewa ya ndani hufyonza joto la mwili. Ndiyo sababu nimesema blanketi nene.

Chandarua ni lazima. Nchelenge ni miongoni mwa sehemu za Zambia zenye malaria nyingi kabisa, na mbu wa huko huuma ndani ya nyumba watu wakiwa wamelala. Malazi yakishuka karibu na sakafu, teremsheni kamba za chandarua, na kingo zake mzichomeke chini ya sponji la chini, si kati ya magodoro mawili ambako patabaki mwanya. Chandarua kisiende ziwani kuvua dagaa.

La mwisho ni la kutiliwa mkazo. Mtoto mchanga asilazwe juu ya godoro la upepo, hata kwa dakika chache, hata akiwa kati ya wazazi wake. Linabonyea, uso wake unazama, naye hana nguvu ya kujigeuza. Apewe mkeka na blanketi lililokunjwa vizuri pembeni, ndani ya chandarua chake. Mkeka umelea watoto wa mwambao huo karne nyingi, na ndugu zetu waliovuka kutoka Kongo mwaka 2017 na kupelekwa makazi ya Mantapala mwaka uliofuata, tandiko lao la kwanza pia lilikuwa mkeka.

Wenzetu wa Kafutuma walinunua magodoro mawili. Usiku wa kwanza yalilegea, wakaamini wametapeliwa, mume akataka kuyarudisha Mansa kwa basi la asubuhi. Mke akamwambia angoje siku tatu. Usiku wa nne, ameandika mke, alisikia mvua inaanza juu ya bati na hakumbuki ilivyokwisha.